Barua Pepe kwa Wateja: Uipambe, au Utume Maandishi Matupu?

Tuanze na ujumbe ambao kila msomaji wetu anaujua. Umelipa kwa simu, simu inatetemeka, SMS inaingia: nambari ya muamala, kiasi, jina la aliyepokea, tarehe, saa, salio. Haina nembo. Haina rangi. Haina picha ya familia inayocheka kwenye kochi. Na bado ndiyo unayomwonyesha mwenye duka, na ndiyo unayoitafuta miezi mitatu baadaye mkibishana na mwenye nyumba kuhusu kodi. Malipo kwa simu yalianza Kenya mwaka 2007 na ujumbe huo hadi leo ni maandishi tu. Hatujasikia mtu akilalamika kwamba haupendezi.

Tunaanza hapo kwa sababu wafanyabiashara wengi wanaopokea malipo kupitia kwetu siku hizi wanawatumia wateja wao jarida la barua pepe, la kila wiki au kila mwezi, na swali moja hurudi kila mara: nitume barua iliyopambwa, yenye nembo, picha na vitufe vya rangi, ama nitume maandishi matupu kama barua ya kawaida? Ukiulizwa harakaharaka, jibu linalokuja kichwani ni iliyopambwa. Inaonekana ya kampuni kubwa. Sisi wenyewe tulisomea uuzaji, na darasani hakuna aliyetufundisha kutuma kitu kisicho na rangi. Lakini biashara ndogo inataka mteja asome, aelewe, alipe, na arudi. Ukianza na hayo manne, swali linageuka kidogo: ni sehemu gani ya barua yako ambayo haiwezi kukosekana, na je, itamfikia mteja hata mambo mengine yakiharibika njiani?

Tofauti yenyewe ni ipi?

Maandishi matupu ni herufi tu. Huwezi kukoleza neno, huwezi kuchagua mwandiko, na linki huonekana jinsi ilivyo, kuanzia https mpaka mwisho. Barua iliyopambwa huandikwa kwa HTML, lugha ileile inayotengeneza kurasa za intaneti, kwa hivyo inakubali rangi, picha, majedwali na vitufe. Barua pepe ilizaliwa ikiwa maandishi matupu. Ray Tomlinson alipotuma ya kwanza kupitia mtandao wa kompyuta mwaka 1971, hakuwa na la kuchagua. Uwezo wa kubeba picha na mapambo ulikuja na mfumo unaoitwa MIME, uliotolewa mwaka 1992.

Sasa, mfumo huo una jambo moja ambalo wengi hawalijui. Barua moja inaweza kubeba nakala mbili kwa pamoja: ya maandishi matupu hutangulia, ya HTML hufuata, na programu ya mpokeaji huonyesha ile ya mwisho inayoweza kuifungua. Kwa hivyo hulazimiki kuchagua moja na kuitupa nyingine. Huduma za kutuma barua nyingi, kama Mailchimp, hukutengenezea nakala ya maandishi zenyewe kutoka kwenye ile uliyoipamba. Tatizo ni kwamba hakuna anayeisoma kabla ya kutuma. Ifungue siku moja uone. Utakuta linki ndefu kama reli ya kutoka Mombasa, sentensi zilizokatikakatika, na pale palipokuwa na picha yenye bei zote, pametupu.

Till namba iliyokwama ndani ya picha

Chukulia una duka la leso Mombasa. Umemlipa kijana anayebuni mabango, akakutengenezea bango safi: leso tatu mpya, bei, siku za ofa, na chini kabisa till namba kwa herufi nene. Ukalichukua bango zima, ukalibandika kwenye barua pepe, ukatuma. Kwenye simu yako linapendeza kweli.

Hebu tuifuate hiyo till namba. Mteja wa kwanza yuko ofisini na anasoma barua kwa Outlook kwenye kompyuta. Outlook kwa kawaida huzuia picha zinazotoka nje mpaka mtu abonyeze kukubali. Anaona kisanduku kitupu, anakisia ni tangazo, anafuta. Mteja wa pili anatumia Gmail, ambayo tangu Desemba 2013 imekuwa ikionyesha picha bila kuuliza, kwa hivyo bango limefunguka. Limefunguka nusu. Yuko kwenye matatu, mtandao unakuja na kwenda, na bango ni zito. Leso ameziona, till namba bado iko chini inazunguka. Wa tatu amepata kila kitu na yuko tayari kulipa. Anabonyeza namba kwa kidole ili ainakili, haikubali, kwa sababu ni picha. Inabidi aikariri huku akitoka kwenye barua pepe kwenda kwenye menyu ya malipo. Akikosea tarakimu moja, pesa inaweza kuingia kwenye duka la mtu mwingine kabisa, na hapo simu ya kwanza atampigia wewe, ya pili atatupigia sisi. Wa nne haoni vizuri, na simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Ikifika kwenye bango inamwambia "picha". Basi.

Ndiyo, kuna simu siku hizi zinazoweza kunakili maandishi kutoka kwenye picha. Hujui kama mteja wako anayo.

Na bado leso haiuziki bila picha, hilo hatubishi. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Jina unaweza kuliandika kwa maandishi matupu na mteja akalipenda ama akalikataa papo hapo, maana wapo wanaonunua leso kwa sababu ya jina tu. Lakini pindo na rangi utavieleza mpaka lini? Kwa duka kama hilo, barua inapaswa kupambwa. Tunachosema ni kwamba picha ziwe za leso peke yake, moja kwa kila leso, zikiwa zimepunguzwa uzito, halafu jina, bei na till namba ziandikwe chini yake kama maandishi ya kawaida. Programu nyingi za kutuma barua pia zina nafasi ya kuweka maelezo mafupi ya kila picha, ambayo huonekana picha ikizuiwa na husomwa kwa sauti kwa asiyeona. Usiiache tupu. "Leso nyekundu na nyeupe, pindo la korosho" inatosha kabisa. Ukifanya hivyo, picha zote zikianguka njiani barua bado inauza.

Kuhusu uzito, hesabu ni rahisi. Barua ya maneno 300 ni kama kilobaiti 2 za maandishi. Picha iliyopigwa kwa simu ikatumwa ilivyo inaweza kufika megabaiti 2, yaani mara elfu moja zaidi, na bando inayoliwa ni ya mteja. Jambo lingine ambalo huwashangaza watu: Gmail hukata barua ambayo msimbo wake wa HTML unazidi takriban kilobaiti 102, kisha humwekea msomaji linki ya kufungua iliyobaki. Picha hazihesabiwi hapo. Kinachohesabiwa ni msimbo, na njia ya haraka ya kuujaza ni kuandika barua kwenye Word kisha kuinakili na kuibandika yote ilivyo. Kinachokatwa ni mkia. Na mkiani ndipo wengi wameweka till namba.

Vitufe, linki na matapeli

Hapa sisi watu wa malipo tuna maoni makali kidogo. Kila siku tunawaambia wateja wasibonyeze linki ovyo, wasimpe yeyote PIN, wasiharakishwe. Halafu mfanyabiashara mwema kabisa anatuma barua yenye kitufe kikubwa cha kijani: LIPA SASA. Tunamfundisha mteja tabia moja, na barua inamfundisha nyingine.

Kwenye HTML, maneno unayoyaona na mahali unapopelekwa ni vitu viwili tofauti. Kitufe kinaweza kutaja duka lako na kikampeleka mtu kwa tapeli. Nembo yako nayo inaweza kunakiliwa kwa dakika mbili na mtu yeyote mwenye simu, kwa hivyo urembo si ushahidi kwamba barua imetoka kwako. Maandishi matupu hayamzuii tapeli kuandika, lakini yanamnyima mahali pa kufichia anwani, kwa sababu mteja anaiona herufi kwa herufi. Uangalie tu kitu kimoja: huduma ya kutuma barua ikiwa inafuatilia nani amebonyeza nini, itabadilisha linki zako kuwa anwani ndefu isiyo na jina la duka lako. Kwenye barua inayohusu malipo, zima ufuatiliaji huo.

Kama unaweza kuandika namba, usiweke kitufe cha kulipa. Andika till namba, andika kiasi, na, hili wengi husahau, andika jina litakalojitokeza mteja akiiingiza. Maduka mengi yanajulikana mtaani kwa jina moja ilhali till imesajiliwa kwa lingine, labda la mwenyewe au la kampuni ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia. Mteja akikutana na jina geni kabla ya kuweka PIN, ataghairi, na atakuwa amefanya vyema. Mauzo hayo umeyapoteza kwa kukosa mstari mmoja. Barua yenyewe inaweza kuwa fupi hivi:

Habari za asubuhi,
Leso mpya zimefika, aina tatu. Dukani zitapatikana kuanzia Ijumaa, lakini ukitaka nikuwekee, jibu barua hii kabla ya Alhamisi jioni.
Bei ya jozi: KSh ____
Till namba: ______
Jina utakaloliona: ______
Ukiona jina lingine, usilipe. Nipigie kwa namba ileile ya siku zote.

Hakuna kitu hapo kinachohitaji rangi. Na siku ukibadilisha till, tuma maandishi matupu kama hayo, umwombe mteja apige simu kuthibitisha kwa namba aliyonayo tayari, si mpya unayomtajia ndani ya barua. Matapeli wanapenda sana habari ya "tumebadilisha till".

Nani atume nini

Shule inayokumbusha wazazi karo, mhasibu, fundi wa mabomba, wakala wa nyumba, mwalimu wa masomo ya ziada: kwa hawa tungechagua maandishi matupu bila kufikiria sana. Huduma zao hazina cha kupiga picha, na wanachohitaji ni jibu. Barua isiyo na mapambo inaonekana imetoka kwa mtu aliyekaa akaandika, na mtu huandikwa jibu. Bango halijibiwi. Hoteli ndogo ya Diani, mpishi wa keki, fundi wa samani na muuza leso wetu, hao wapambe, kwa masharti tuliyoyataja.

Kati ya hao wawili kuna njia ambayo, kusema kweli, ndiyo tunayoipenda zaidi: HTML inayofanana na maandishi matupu. Herufi nyeusi, jina la biashara juu likiwa limeandikwa kwa maneno badala ya picha ya nembo, bei moja iliyokolezwa, linki moja, picha moja au sifuri. Inafunguka haraka. Haiharibiki kwenye simu iliyowekwa mandhari ya giza, ambako nembo nyeusi isiyo na usuli hupotea kama paka usiku.

Wapo watakaokuambia maandishi matupu ni dawa ya kukwepa kichupo cha Promotions ambacho Gmail ilikileta mwaka 2013. Kweli, barua iliyojaa picha na linki inajifananisha na tangazo. Lakini Gmail hutazama mambo mengi, pamoja na jinsi wasomaji wanavyozishughulikia barua zako. Anayekuahidi mbinu ya uhakika anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna mahali maandishi matupu hushindwa vibaya, na ni kwenye hesabu za chama. Mweka hazina anaandika majina upande wa kushoto, michango upande wa kulia, akipanga safu kwa kubonyeza nafasi mara nyingi. Kwenye kompyuta yake zimenyooka. Kwenye simu ya mwanachama, ambako herufi "i" ni nyembamba kuliko "m", safu zinavurugika na mstari unavunjika, mchango wa mmoja unakaa karibu na jina la mwingine. Unajua mkutano utakaofuata utakuwaje. Hesabu za namna hiyo zinataka jedwali la HTML, ama kila mwanachama aandikwe kwenye mstari wake: jina, nukta mbili, kiasi. Na tafadhali, ukiandikia watu wengi kutoka kwenye akaunti yako ya kawaida, anwani zao ziweke kwenye Bcc ili kila mmoja asione za wengine.

Hilo la mwisho linagusa sheria pia. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, huwezi kutumia taarifa za mtu kwa matangazo ya biashara bila ridhaa yake, na lazima awe na njia rahisi ya kujiondoa. Kwamba mtu alikulipa mara moja haina maana kwamba ameomba jarida. Kwenye maandishi matupu njia ya kujiondoa inaweza kuwa sentensi moja, "Ukitaka kuacha kupokea barua hizi, jibu kwa neno ONDOA", mradi kuna mtu anayesoma majibu na kuondoa kweli. Ukikua mpaka utume barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye akaunti za Gmail, kuna masharti ya ziada tangu Februari 2024, likiwemo la kumwezesha msomaji wa barua za matangazo kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Ukifika huko tupigie tusherehekee.

Utajuaje imefanya kazi?

Malalamiko makubwa dhidi ya maandishi matupu ni kwamba hayakuambii nani amefungua. Ni kweli. Huduma za kutuma barua huhesabu waliofungua kwa kuficha kipicha kidogo kisichoonekana ndani ya HTML, kikipakuliwa, umehesabiwa. Maandishi matupu hayana pa kukificha. Lakini hesabu hiyo imekuwa ya kubahatisha tangu Septemba 2021, Apple ilipoanza kuruhusu programu yake ya barua ipakue vipicha hivyo yenyewe, mtu asome asisome. Na aliyezuia picha huonekana hajafungua hata kama amesoma barua mara mbili.

Wewe una kipimo ambacho wauzaji wengi wangekitamani: pesa iliyoingia. Gawanya orodha yako nusu kwa nusu bila kuchagua. Nusu moja itumie barua iliyopambwa, nyingine maandishi matupu. Kichwa cha barua kiwe kilekile, siku na saa zilezile, ofa ileile. Kama unatumia paybill, waombe wa kwanza waandike LESO1 kwenye sehemu ya akaunti na wa pili LESO2, baada ya kuhakikisha kwamba paybill yako inakubali herufi. Till ya kununulia bidhaa haina sehemu ya akaunti, lakini unaweza kuwapa wa kwanza bei ya KSh 950 na wa pili KSh 949. Shilingi moja haimuumizi mtu, na mwisho wa wiki taarifa yako ya malipo inakusomea matokeo yenyewe.

Orodha ikiwa ya watu 80, usitangaze mshindi kwa sababu watano walilipa huku na watatu kule. Hiyo ni bahati tu. Rudia miezi mitatu au minne, ukibadilishana makundi, ujumlishe zote. Na usilinganishe barua ya tarehe 15 na ya tarehe 30; tarehe 30 mshahara umeingia.